Swali la Lawino na Mwanafunzi Aendaye Ng'ambo

Katika madarasa yetu ya fasihi, Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek husomwa kwa desturi kama mgogoro wa ukale na usasa. Lawino huwekwa upande wa mila, mumewe Ocol upande wa uzungu, na mtahiniwa hutakiwa ajadili nani ana haki. Usomaji huo una msingi wake. Hata hivyo, umetufanya tupite haraka kwenye sehemu ambazo zingemfaa zaidi mwanafunzi anayejiandaa kwenda kusoma nchi nyingine. Kwa mwanafunzi huyo, makala haya yanadai, kiini cha shairi hili ni swali linaloulizwa na kukosa jibu.

Okot alilitunga kwa Kiacholi. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiingereza ilitoka mwaka 1966, matini ya Kiacholi ikafuata mwaka 1969, na tafsiri ya Kiswahili ya Paul Sozigwa mwaka 1975. Mtunzi mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa ng'ambo. Alifika Uingereza mwaka 1956 na timu ya soka ya Uganda, akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha anthropolojia Oxford. Katika utangulizi wa kitabu chake African Religions in Western Scholarship anaeleza jinsi alivyowasikia wahadhiri wa Oxford wakiwataja Waafrika kama washenzi, akapinga bila kusikilizwa. Kwa hiyo alijua vyema hali ya mtu anayehoji mbele ya mwenye mamlaka ya elimu.

Hali hiyo ndiyo tunayoikuta katika sehemu ya nane na ya tisa. Lawino anaingia darasa la dini, anakaririshwa maneno ambayo maana yake haelezwi, na mwalimu anafoka. Anatoroka na kwenda ngomani. Baadaye anauliza maswali mazito kuhusu asili ya ulimwengu na Muumba wake. Padri na mtawa hawamjibu. Anamgeukia mumewe, aliyesoma Makerere, naye anamwambia kuwa maswali yake ni ya kijinga na kwamba anampotezea wakati. Tutambue kwamba Ocol amejifunza utamaduni wa kigeni kwa njia ile ile iliyomshinda mkewe, yaani kwa kukariri. Anajua saa ya ukutani na majina ya miezi, lakini hawezi kumfafanulia mtu wa nyumbani kwake vina maana gani. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa daraja kati ya watu wawili, licha ya shahada yake.

Hatusemi kwamba Lawino hana kasoro. Anapoieleza dansi ya wazungu anahukumu kabla ya kuuliza, na kipimo chake ni uwanja wa ngoma wa Waacholi. Lakini macho yake ni makini: anaeleza jiko la mkaa, jiko la umeme, nywele na mavazi kwa undani ambao Ocol hana. Tena anakubali kuwa desturi za wageni zinawafaa wenyewe. Analokataa ni kulazimishwa azidharau zake. Huo ni msingi mzuri kwa msafiri yeyote.

Sasa tujitazame. Mwanafunzi wetu anapopata nafasi ya kwenda Ulaya au Marekani, maandalizi tunayompa mara nyingi ni orodha: chukua koti, fika kwa wakati, usiulize umri wa mtu. Anayekwenda Zanzibar au Dar es Salaam kwa mafunzo ya lugha hupewa orodha nyingine: mwamkie mkubwa kwa shikamoo, piga hodi, sema naomba badala ya nipe. Mambo hayo ni ya kweli na ni muhimu. Hata hivyo, yakifundishwa bila sababu zake yanakuwa katekisimu ya Lawino, na jambo lisilo katika orodha linapotokea, mwanafunzi hana la kufanya.

Tatizo ni kubwa zaidi kwa sababu darasani kwetu kunyamaza mbele ya mwalimu huhesabiwa kuwa heshima. Katika semina za vyuo vingi vya Ulaya na Marekani, ukimya huo huo hufasiriwa kuwa mtu hana la kusema. Na akifika Unguja akarusha maswali kabla ya salamu na habari za nyumbani, ataonekana hana adabu. Lazima ajue namna ya kuuliza kulingana na mahali, na ustadi huo haupatikani katika sarufi ya ngeli.

Tunapendekeza sehemu ya tisa isomwe kabla ya safari, kwa kazi tatu. Kwanza, mwanafunzi aeleze desturi asiyoielewa bila kuihukumu. Pili, atunge swali ambalo mwenyeji anaweza kulijibu bila kuona ametukanwa. Tatu, aieleze desturi ya kwao kwa Kiswahili, mathalani kupiga magoti wakati wa kusalimu, kwa mtu ambaye hajapata kuiona. Kazi ya tatu ndiyo itakayowatoa jasho wengi. Walimu wenzetu nao wakubali kuulizwa maswali yanayoonekana ya kijinga, kwani Ocol aliyekataa kuyajibu alisoma hapa hapa Makerere.