Namna ya Kumpima Mhesabu wa Vipanga

Kuanzia Agosti hadi katikati ya Desemba, juu ya mawe ya Hawk Mountain katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kuna watu wanaoketi tangu asubuhi macho yakiwa kaskazini, wakiwasubiri vipanga, tai na kozi wanaoikimbia baridi. Zamani waliowasubiri hapo walikuwa na bunduki. Mwaka 1934 mtetezi wa ndege Rosalie Edge aliukodi mlima huo, akamweka Maurice Broun aulinde. Broun akaanza kuhesabu, na ukiondoa miaka michache ya Vita Kuu ya Pili, kazi hiyo haijakoma.

Ukitaka kujua kama mhesabu ni hodari, usiulize ameona ndege wangapi. Omba daftari lake, utafute safu ya wasiotambuliwa. Ikiwa tupu baada ya siku yenye mamia ya ndege, mimi siliamini daftari hilo. Wapo wanaopita mbali mno, wapo wanaopita jua likiwa nyuma yao, na mtu mkweli huandika "kipanga, aina haikujulikana" bila kuona haya.

Katika kutambua ndege, mhesabu rangi aiache mwisho, maana angani rangi hudanganya. Aanze na umbo na mwendo. Shakivale ana mabawa mapana na mkia mfupi, hupenda kuzunguka bila kupiga bawa. Kipanga mdogo wa msituni ana mabawa mafupi ya mviringo na mkia mrefu. Hupiga mabawa harakaharaka, akateleza kidogo, akapiga tena. Kozi mabawa yake yamechongoka.

Mtihani mkubwa huja katikati ya Septemba, shakivale wa mabawa mapana wanapopita kwa makundi kwenda Amerika ya Kati na Kusini. Hupanda na hewa ya moto wakizunguka pamoja, wengine juu, wengine chini, wakipishana. Anayewahesabu hapo anabahatisha. Fundi hutulia na kuangalia kileleni mwa mzunguko: ndege wa kwanza anakunja mabawa kidogo, anaacha duara na kuteleza kuelekea kusini, wa pili anamfuata, kisha wote wanakuwa mstari. Ndipo kidole kinapobonyeza kihesabio, ndege mmoja baada ya mwingine. Mbingu ya buluu isiyo na wingu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa jicho halina pa kushika.

Kozi wa Amur wanaopita Tsavo, Kenya, Novemba na Desemba, wana ugumu wa namna nyingine. Wakikuta kumbikumbi baada ya mvua huzunguka wakila, na mmoja ni rahisi kuhesabiwa mara tatu. Hapo wahesabiwe wanaoondoka tu.

Daftari zuri lina upepo, mawingu na saa zisizo na ndege hata mmoja. Pale Hawk Mountain, pepo za kaskazini magharibi hugonga mlima zikapanda, na ndege hupanda nazo. Idadi isiyo na upepo wake haielezeki.

Na liwe na umri wa ndege. Rachel Carson, katika kitabu chake cha mwaka 1962 juu ya viuatilifu, alitumia madaftari ya Hawk Mountain: kati ya 1935 na 1939 tai wachanga walikuwa asilimia 40 ya tai wote walioonekana, kati ya 1955 na 1959, asilimia 20. Tai wazima walikuwa bado wanapita. Waliopungua ni watoto, na hilo lilijulikana kwa sababu mtu pale juu hakuridhika kuandika "tai" peke yake.