Msikilize Matano Juma Leo Hii

Kinanda! Kabla sauti ya Matano Juma haijafika, kinanda cha umeme kimeshakukamata, na kikikukamata hakikuachi. Nimeipata juzuu ya 10 ya mfululizo wa albamu za Zanzibara juzi tu, nimeicheza hapa nyumbani Miritini kwa spika ndogo ya chumbani, na sikuweza kungoja itulie moyoni ndipo niandike. Naandika ingali moto. Bwana huyu aliimba hapa hapa Mombasa na kundi lake la Morning Star Orchestra, na vijana wengi wa rika langu wakiulizwa jina lake leo watatazamana.

Juzuu hii imekusanywa na Werner Graebner, Mjerumani aliyeifuatilia taarab yetu kwa miaka mingi, na imetolewa na kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa. Inachota taarab ya Mombasa na Tanga ya kati ya 1970 na 1990, ile miongo ambayo gitaa la umeme, besi na kinanda vilijisogeza karibu na fidla na akodiani, na havikuondoka tena. Tanga ndiko moto ulikowashwa. Black Star Musical Club na wenzao Lucky Star waliweka gitaa mbele, Shakila akaimba juu yake, na Mombasa haikukubali kuachwa nyuma. Mashindano hayo unayasikia ndani ya nyimbo zenyewe. Kila kundi linapiga kama linalojua kwamba la ng'ambo ya mpaka linasikiliza.

Hebu isikilize besi. Taarab ikitajwa, wengi wetu tunawaza ukumbi, viti vimepangwa, watu wametulia na noti mkononi wakingoja beti itakayowachoma ndipo wainuke kutuza. Besi ya nyimbo hizi haingoji beti. Inakwenda kwa mwendo wa chakacha, ule wa akina mama wa harusini, na miguu inaanza kutafuta sakafu kabla masikio hayajamaliza kufumbua fumbo. Mimi niliinuka. Jirani alibisha hodi, nami nikajua amekuja kuniomba nipunguze sauti. Wapi! Alikuja kuuliza ni nani huyo anayeimba.

Huyo alikuwa Zuhura Swaleh. Jamani, Zuhura! Habembelezi, haombi radhi, hasubiri umkaribishe. Anaingia na sauti iliyonyooka, anakutupia fumbo, na kabla hujalipindua ukaona limemlenga nani, kiitikio kimeshakupita. Kama kuna mwanamuziki mmoja utakayemtafuta baada ya kusoma ukurasa huu, na atafutwe Zuhura. Ana albamu nzima aliyoifanya na kundi la mwimbaji Maulidi Juma, Jino la Pembe, iliyotolewa na GlobeStyle ya Uingereza, na ndani yake utakutana na chombo kilichonikosesha usingizi wiki hii.

Ni taishokoto. Ni kibao cha nyuzi chenye vitufe kama vya taipureta. Mkono mmoja unabonyeza vitufe, wa pili unachapa nyuzi, na mlio unaotoka ni mwembamba, mkali, wa kulialia, unaopenya katikati ya ngoma na watu. Kilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, na mtu aitwaye Goro Morita. Kikaenea mpaka India, kikapata mashabiki na majina mapya huko. Kwetu kikaishia harusini, mikononi mwa Waswahili waliokilazimisha kutoa mikwaruzo na madaha ambayo sidhani Bwana Morita aliyawazia. Kuna mahali kwenye nyimbo za Maulidi Juma ambapo taishokoto linamjibu mwimbaji neno kwa neno, linamkatiza, linamcheka. Nimelirudia jibu hilo hadi simu ikazima chaji.

Sisi wa Miritini tunaishi juu ya njia ya mizigo. Malori ya makontena yanatoka Kilindini na kupita hapa usiku kucha kwenda bara. Tangu 2017 stesheni kuu ya reli ya SGR iko hapa kwetu, na abiria wa Nairobi wanashuka, wanaingia kwenye gari la hoteli, wanakwenda zao ufuoni. Ukikulia mahali kama hapa unaweza kuamini kwamba kila kitu hupita tu na hakuna kinachobaki. Sasa nasikiliza taishokoto la Japani, udi wa Kiarabu, akodiani ya Wazungu na nyimbo zinazopita njia za sinema za Kihindi, na nasema hapana! Vitu hivi vilishuka bandarini na vikabaki. Vilipewa kazi, vikafundishwa mashairi, vikaozwa na kuzaa. Ndiyo maana nikishaanza kufuata chombo kimoja siwezi kusimama kwenye taarab peke yake.

Nilifuata saksafoni, ikanipeleka Kisauni.

Pale Kengeleni, kwenye kengele ya Freretown, ndipo wamisionari wa CMS walipoanzisha makao ya watumwa waliokombolewa, mwaka 1875. Ni watu waliotoka kila upande wa Afrika Mashariki na Kati, wengine wakiwa wamepitia India, wakakutanishwa na kanisa, shule na nyimbo za kwaya. Freretown hiyo ndiyo iliyomtoa Joseph Ngala, Mzee Ngala, mpiga saksafoni, na kundi lake la Bango Sounds. Bango! Wengine wetu tumeisikia maisha yetu yote kwenye harusi na kwenye matanga, tukala wali nayo ikicheza nyuma yetu, na hatukuwahi kuigeuzia uso. Igeuzie uso leo. Ngala anavuta noti moja ndefu, mviringo, iliyojaa pumzi, halafu anaiachilia polepole, na chini yake gitaa na ngoma zinakwenda bila papara yoyote. Ndani yake kuna rumba, kuna jazi, kuna ngoma za Wamijikenda, na kuna kitu cha kanisani kwenye ule mpangilio wa sauti. Inachezwa taratibu, na mzee wa miaka 70 anaicheza vizuri kuliko mjukuu wake. Ningempa Ngala saa nzima ya redio kila Jumapili, bila tangazo hata moja katikati.

Na saksafoni haikufia kwake. Msikilize Juma Tutu na Swahili Jazz Band yake: kijana wa Pwani, pumzi ileile ndefu, lakini anaikimbiza zaidi, anaipeleka mahali pa jazi ya ukumbini kisha anairudisha kwenye chakacha kwa mkupuo mmoja.

Halafu kuna ambao hawana santuri wala albamu, na hawa ndio walionitoa machozi. Kutoka Miritini ukipanda matatu ya Mazeras, mara unaingia kwa Waduruma, na ukivuka feri ya Likoni ukashika njia ya kusini unaingia kwa Wadigo. Pande zote mbili utaikuta sengenya. Ngoma zake zimewambwa kwa sauti zinazopishana, kubwa kwa ndogo, hata ukiziba macho unasikia zinaimba wimbo mzima. Juu yake kuna upatsu, sinia la chuma linalogongwa bila kuchoka, na nzumari inayolia mfululizo, mpuliza amejaza mashavu upepo na hasimami kuvuta pumzi. Vyombo vitatu vinne, bila waya wa umeme, na vinatosha kutikisa kitongoji kizima. Mradi wa Singing Wells, wa Ketebul Music ya Nairobi na wenzao wa Abubilla Music, ulifika Pwani kurekodi makundi ya aina hii, na video zake zipo kwenye intaneti. Zitazame, lakini usiishie hapo. Sengenya ni ya kusimama karibu nayo mpaka upatsu ukupigie kifuani.

Upande wa hoteli sitakaa sana, ingawa nao una hazina. Dunia nzima inaijua Jambo Bwana ya Them Mushrooms, hata Boney M wakaja kuirekodi kwa namna yao, na kwa sababu hiyo watu wanadhani bendi za hoteli za Mombasa zilikuwa na wimbo mmoja tu wa kumkaribisha mgeni. Si kweli hata kidogo! Tafuta Kenya Special, mkusanyo wa Soundway wa 2013, usikie Mombasa Vikings wakichapa fanki ya kutoa jasho. Tafuta Mombasa Roots, vijana wa familia moja waliochukua chakacha ya harusini miaka ya 1980 na kuitia kwenye disko bila kuiua. Mwendo ni uleule wa Zuhura, kwa nguo nyingine.

Nikaufuata mwendo huo hadi kwa Kaa La Moto, nikafika nyumbani kabisa. Huyu ni wa kufoka, wa kizazi chetu, wa Mombasa hii ya boda boda na shida ya maji, na Kiswahili chake ni cha kukufanya ukae wima. Ameiita albamu yake Leso ya Mekatilili, kwa heshima ya Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama aliyewaongoza watu wake kuwapinga Waingereza mwaka 1913 na 1914. Anapanga vina kama aliyelelewa na washairi, anakutolea neno la kale la Pwani na la mtaani katika mstari mmoja, na yote mawili yanakaa pamoja bila kugombana. Zein l'Abdin, yule bingwa wa udi wa Lamu aliyefariki 2016, aliimba mashairi ya zamani aliyoyachimbua pamoja na Sheikh Ahmed Nabhany. Weka Zein, kisha weka Kaa La Moto papo hapo, usipumzike katikati. Niliwacheza hivyo usiku wa kwanza, nikajikuta napiga kofi ukutani kwa furaha.

Nina lalamiko moja tu kuhusu Zanzibara 10. Inakuonjesha. Unampata mwimbaji, unaanza kumzoea, na hapo hapo anaondoka anakuja mwingine. Morning Star Orchestra peke yake ilistahili albamu yake, na sijui kwa nini sisi wenyewe wa Mombasa hatujaitoa. Kampuni za mji huu, Assanand na lebo yake ya Mzuri, au Mbwana Radio Service na kanda zake, ndizo zilizorekodi sehemu kubwa ya urithi huu. Kanda hizo zimo ndani ya nyumba zetu. Zimo kwenye masanduku ya chini ya vitanda Jomvu Kuu, Changamwe, Mikindani, na unyevu wa Pwani hauzihurumii. Muulize bibi yako wiki hii kabla hajawapa watoto wachezee utepe.

Ukitaka kuanza, fuata njia yangu. Anza na Matano Juma, sauti juu, dirisha wazi. Mfuatishe Zuhura, na umwite mtu wa kucheza naye. Ngala mweke jioni, baada ya chakula. Kaa La Moto mpeleke ndani ya matatu ya asubuhi kuelekea Makupa, foleni ikiwa imesimama. Na ukiwamaliza wote, ipo juzuu ya 2 ya mfululizo huohuo, taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975, enzi ambayo mwimbaji Juma Bhalo alikuwa kijana. Mimi naifungua usiku huu, na jirani ameshasema anakuja na kiti chake.