Shanga za Karatasi na Hadithi ya Kwenye Kadi

Katika Kiswahili, anayepanga shanga kwenye uzi na anayepanga maneno katika ubeti wanafanya kitendo kimoja: wanatunga. Mwalimu wetu wa fasihi aligusia jambo hili mwaka jana alipokuwa akieleza neno "utungo". Darasa likatabasamu, tukaendelea na vina na mizani. Mimi sikuendelea vizuri. Nimekulia katika nyumba ya shanga, na siku ile nilijiuliza kwa nini anayetunga shairi tunamwita mtunzi, tena tunamhakiki, ilhali anayetunga shanga tunamwita "mama wa shanga" na kumwonea huruma.

Shanga ninazozungumzia ni zile za karatasi zinazouzwa Kampala katika masoko ya sanaa na kwenye maduka ya hoteli. Mara nyingi mkufu huja na kikadi kilichofungwa kwa uzi. Kikadi husema mambo matatu: kwamba karatasi ilikuwa taka, kwamba aliyeutengeneza mkufu ni mwanamke maskini, na kwamba mkufu huo ni wa kipekee, hakuna mwingine kama huo. Sijapata kuona kikadi kinachosema lolote kuhusu mkufu wenyewe. Tuliambiwa tangu mwaka wa kwanza kwamba fani na maudhui havitenganishwi. Hapa vimetenganishwa kwa mkasi: maudhui yako kwenye kadi, fani imeachwa ikining'inia bila msomaji.

Basi tuisome fani. Ssenga wangu, ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kiganda, hukata karatasi ngumu ya kalenda au ya bango kuwa pembetatu ndefu na nyembamba. Upana wa kitako ndio utakaokuwa urefu wa ushanga. Urefu wa kipande ndio utakaoamua unene wa tumbo lake. Kitako hutangulia kwenye sindano, karatasi ikaviringishwa kwa vidole huku ikikazwa, ncha ikamalizia katikati kwa tone la gundi. Hapo ndipo penye siri. Kwa kuwa kipande kinazidi kuwa chembamba, kila mzunguko hufunika katikati ya ule uliotangulia na kuacha kingo zake tu nje. Picha iliyokuwa katikati ya kipande inazikwa. Kinachobaki kuonekana ni rangi za kingoni, ambazo sasa zimekuwa mistari, pamoja na ile ncha ya mwisho. Anayejifunza hukata ua zuri jekundu akitarajia ushanga mwekundu, akapata wa kijivu, kwa sababu mkasi ulipita pembeni mwa ua, kwenye kivuli. Ssenga hausomi ukurasa kwa picha zake. Huusoma kwa mahali mkasi utakapopita. Mimi nimejaribu tangu nikiwa darasa la tano na bado nakisia.

Baadaye shanga huchovywa katika vanishi, zikaanikwa, zikachovywa tena. Zake huchovywa mara tatu. Mwenye haraka huchovya mara moja, na ushanga wake hung'aa vilevile mezani, lakini jasho la shingo likiuzoea huanza kulegea na kufumuka. Sokoni yote miwili, mkufu wa mara moja na wa mara tatu, ina bei moja.

Halafu ndipo anapotunga. Kati ya shanga za karatasi huingia vishanga vidogo vya kioo, na kazi yake si pambo tu: huzuia karatasi zisisuguane na huuwezesha mkufu kupinda shingoni. Ni vituo. Vikizidi, mkufu hulegea. Vikikosekana, husimama kama fimbo. Mwenye sikio la mizani atanielewa bila maelezo zaidi.

Niutaje mkufu mmoja. Baada ya uchaguzi wa 2021 mtaa wetu ulikuwa na mabango mengi ambayo hayakuwa na kazi tena, ya njano na mekundu, yenye nyuso za wagombea wanaotabasamu. Ssenga aliyakusanya. Akayakata kiasi kwamba nyuso zote ziliingia ndani ya mzunguko na rangi pekee ndizo zilizobaki nje. Akatunga njano na nyekundu kwa zamu, kwa subira, pande zote mbili sawasawa, mpaka nyuma ya shingo ambako aliweka ushanga mmoja mweusi uliotokana na wino wa maandishi. Nilimuuliza kwa nini mweusi, na kwa nini nyuma. Akasema, "Hapa wamenyamaza wote." Naona mkufu huo ni utungo kamili. Una urari, una mvunjiko wa urari mahali pamoja tu, na una maana ambayo huipati usipougeuza. Kikadi kilichofungwa juu yake kilisema "taka zilizopata uhai mpya".

Najua nitakavyojibiwa, na jibu hilo lina nguvu. Hadithi ya kwenye kadi haikubuniwa. Vita vya kaskazini mwa Uganda viliwafukuza Waacholi wengi makwao, na baadhi yao wakafika Kireka, pembezoni mwa Kampala, ambako wanawake walivunja mawe kwenye machimbo ili wale. Shanga ziliwatoa wengi kwenye mawe. Shirika la BeadforLife, lililoanzishwa 2004, lilizipeleka Marekani, zikauzwa kwenye mikusanyiko ya majumbani. Pesa ilikuwa ya kweli. Ssenga mwenyewe alifundishwa kuviringisha na jirani aliyetoka Kitgum, na karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye sindano ile. Siwezi kukitemea mate kisima nilichonywea.

Lakini angalia huruma imefanya nini kwenye bei. Mnunuzi anayenunua hadithi hana sababu ya kutofautisha vanishi ya mara moja na ya mara tatu, kwa kuwa hadithi ni ileile. Fundi hodari na fundi mzembe wanalipwa sawa, na hodari akichoka hujifunza uzembe. Nimewaona waliochoka. Hata lile neno "kipekee" halina kazi hapa. Mwaka juzi mnunuzi mmoja aliagiza kwa Ssenga mikufu mia mbili kwa kufuata sampuli, kisha akakataa kadhaa kwa sababu haikufanana na mingine. Iliyokubaliwa ikafungwa kadi zinazosema kila mmoja ni wa kipekee. Ssenga hajui kusoma Kiingereza. Niliposomea kadi kwa sauti alicheka mpaka akaketi chini.

Wengine hutetea upekee kwa neno "asili", wakiandika kwamba huu ni ufundi wa kale wa Kiafrika. Hilo nalo halisimami. Wanawake wa Uingereza wa enzi za Malkia Victoria walikuwa wakiviringisha karatasi za kupambia kuta kuwa shanga, wakiwa sebuleni kwao. Vishanga vya kioo navyo vilifika huku kwa misafara ya karne ya 19 vikitoka Venice na Bohemia, na leo hakuna anayemwambia Mmaasai kwamba shanga zake si zake. Ni zake kwa sababu yeye ndiye aliyezitunga. Hoja yangu yote imo katika kitenzi hicho. Chombo hakiwi cha kipekee kwa mahali kilipotoka wala kwa machozi ya aliyekitengeneza. Kinakuwa hivyo pale ambapo mtu fulani aliamua nyekundu ikae hapa na nyeusi ikae kule, na angeweza kuamua vingine.

Nisijifanye msafi. Mkufu ule wa mabango niliuuza mimi. Ilikuwa likizo, nikimshikia Ssenga meza, na mgeni mmoja akauinua na kuuliza nani aliutengeneza. Ningeweza kuugeuza nikamwonyesha nyuma. Badala yake nilisema ni mama aliyekimbia vita na kupoteza watoto wawili. Ssenga ni mzaliwa wa Masaka, hakukimbia vita yoyote kuja Kampala, na watoto wake wote wako hai. Mmoja anaendesha bodaboda Ntinda. Hadithi ile ilikuwa ya jirani yake, nami nikaikopa bila ruhusa ya yeyote. Mgeni alishika kifua, akalipa mara mbili ya bei, akautia mkufu mfukoni.

Jioni nilimkabidhi Ssenga pesa. Alizihesabu, akashangaa, akazihesabu tena. Kisha akaniuliza yule mgeni alisema nini kuhusu ile nyeusi ya nyuma.

Nikamwambia alikuwa na haraka.