Gushika si Kushika

Mwanafunzi wa Bujumbura anapoandika katika insha yake, "Tulishika Gitega saa nne asubuhi," mara nyingi mwalimu hucheka, akapiga mstari mwekundu, akaandika juu yake "tulifika," kisha akafunua ukurasa wa pili. Sisi hatukubali kwamba kazi imekwisha hapo.

Kirundi kina kitenzi gushika, maana yake kufika. Kiswahili kina kushika, yaani kutia mkononi na kuzuia. Maneno haya hayana undugu ila wa sauti. Kwa maana, mwenzake gushika katika Kiswahili ni kufika. Hata hivyo mwanafunzi hakupotezwa na uzembe. Amekwisha kugundua, pengine bila kuelezwa na mtu, kwamba gu- ya Kirundi hugeuka ku- katika Kiswahili: gukata ni kukata, gupima ni kupima, gutega ni kutega. Kanuni hiyo imemfaa mara nyingi. Kwa nini aitupe akutanapo na gushika? Amwitaye mvivu hajaona kwamba kosa hili limezaliwa na akili.

Laiti sentensi zake zingekuwa upuuzi mtupu, zisingedhuru kitu. Shida ni kwamba huwa Kiswahili safi chenye maana nyingine. "Wameshika mji" na "wamefika mjini" hutenganishwa pia na kiambishi -ni, lakini jina la mahali halichukui kiambishi hicho. Basi mtu akiandika "Askari wameshika Bujumbura," akikusudia kwamba wamewasili, msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ataamini kuwa serikali imeanguka. Katika nchi iliyoona mapinduzi mwaka 1966, 1976, 1987 na 1996, na jaribio lililoshindwa mwaka 2015, habari kama hiyo haipokelewi kwa mzaha.

Tena kuna gushikira, yaani kufikia. Kirundi hutumia r pale ambapo Kiswahili mara nyingi huwa na l, kwa hiyo mwanafunzi akitamka "kushikira," msikilizaji husikia kushikilia. "Ameshikilia lengo lake": kwa msemaji, safari imekwisha, kwa msikilizaji, mtu angali anang'ang'ana. Na mwenye "kushika njia" ndiye kwanza anaondoka! Hapa maneno mawili yasiyojuana yamekuwa kinyume kabisa, na hakuna muktadha unaoweza kuwaokoa wazungumzaji kwa urahisi. (Gufata, ambayo ndiyo kushika kwa Kirundi, nayo huchungulia upande wa kufuata, lakini hiyo tuiache kwa leo.)

Wako wenzetu wanaosema tusisumbuke, Kiswahili cha Burundi kiwe na ladha yake. Ladha tunaikubali, na twaifurahia. Lakini mtoto wa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani kwa muda mrefu, asemapo kushika hakusudii kufika. Lahaja gani hiyo isiyoeleweka hata mtaa wa pili? Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, maandishi ya vijana wetu husomwa mbali zaidi ya darasa, na mtu wa Kigoma hatakuwa na mwalimu pembeni wa kumfasiria.

Lawama yetu kubwa, basi, ni kwa wino mwekundu usiosema neno. Mwalimu anayekataza Kirundi kisitajwe darasani amejinyima chombo pekee cha kuonyesha kosa lilipotoka. Aandike gushika na kushika ubavu kwa ubavu ubaoni, na chini ya gushika aandike kufika. Kisha aanze na salamu ambayo mtoto hufundishwa mapema, shikamoo, inayoelezwa kuwa imetokana na kushika miguu ya mkubwa. Amwulize mtoto: ulipofika shuleni leo, mkono wako ulikuwa umeshika nini? Daftari, atasema.