Propani Ndani ya Magazini ya Easofti

Magazini ya bastola ya easofti (mchezo wa bunduki bandia) inayotumia gesi huchemsha kimiminika bila moto. Mbele yake kuna safu ya vipira vya plastiki vya milimita 6 vinavyosukumwa na springi. Nyuma kuna tangi dogo la chuma lenye gesi iliyo kimiminika. Kitako kina vali ya kujazia, na juu kuna vali ya kutolea. Kifyatulio kikivutwa, nyundo huigonga vali ya juu, mvuke hutoka kwa kasi, hukirusha kipira na kuirudisha nyuma sleidi, yaani sehemu ya juu ya bastola inayoteleza. Papo hapo kimiminika kilichobaki huchemka na kuziba pengo. Ndiyo maana presha haitegemei wingi wa gesi iliyomo. Hutegemea ni gesi gani na ina joto kiasi gani, alimradi kimiminika hakijaisha.

Bastola nyingi za aina hii zilibuniwa Japani, na masharti ya nchi hiyo yamo ndani ya kila kifaa. Baada ya bastola bandia za chuma kubanwa na sheria mwaka 1971, sleidi zilitengenezwa kwa plastiki ya ABS. Gesi iliyozoeleka ikawa R-134a, ileile ya friji na viyoyozi vya magari: haishiki moto kirahisi, na katika nyuzi joto 20 presha yake ni bar 5.7, ukijumlisha bar 1 ya hewa ya kawaida. Tangu 2006 sheria inaweka ukomo wa takriban jouli 0.98, yaani kipira cha gramu 0.2 kwenda mita 99 hivi kwa sekunde. Kasoro ya R-134a iko angani: kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja hupasha joto dunia kama kilo 1,430 za kaboni dioksidi.

Nje ya Japani wachezaji waligeukia propani. Ile inayouzwa kwenye makopo kwa jina la gesi ya kijani kwa kawaida ni propani iliyoondolewa harufu na kutiwa mafuta ya silikoni. Kwa hiyo mtungi wa kambini wa Marekani, wenye gramu 465 hivi, ukifungwa adapta yenye ncha ya kujazia, hufanya kazi ileile. Matone machache ya silikoni hutiwa kwenye adapta kwanza, kwa sababu propani tupu haina cha kulainisha sili za mpira. Mafuta ya injini hayafai, huzivimbisha. Kisha magazini hupinduliwa, kitako juu, na mtungi hukandamizwa juu yake kichwa chini ili kishuke kimiminika badala ya mvuke. Mlio huanza mkali, hufifia, na umande mweupe hutanda kuzunguka vali. Magazini yenye joto hujaa nusu tu, kwani presha iliyomo huzuia ile inayoingia; iliyopoa hujaa vizuri.

Tatizo huanzia hapo. Katika nyuzi 20 propani ina bar 8.4, na sleidi ya ABS iliyopimwa kwa bar 5.7 hugonga kwa nguvu isiyoimudu hadi ipasuke. Wakati wa baridi hesabu hugeuka: propani katika nyuzi 0 ina bar 4.7, sawa na R-134a katika nyuzi 14. Juani, kwenye nyuzi 40, hukaribia bar 14, na nyundo inaweza kushindwa kuifungua vali. Tena kila mfyatuo hula joto la tangi lenyewe, hivyo mfululizo wa haraka huanza na nguvu na kuishia kwa unyonge. Gesi ya jikoni ya Afrika Mashariki si mbadala wa kuaminika: ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani katika nyuzi 20 ina bar 2 tu na kidogo.

Kaboni dioksidi ni habari nyingine kabisa. Kwa bar 57 katika nyuzi 20, huja kwenye kichupa cha gramu 12 na hudai magazini yake yenye kuta nene. Kuitia katika magazini ya kawaida ni kukaribisha mlipuko. Hewa iliyoshindiliwa ndiyo tulivu kuliko zote: mtungi wa bar 200 au 300, regyuleta ya kuishusha, na mpira unaoungwa mahali pa vali ya kujazia. Hakuna kinachochemka, hivyo magazini haigandi na kipira cha 20 huenda kama cha kwanza. Gharama yake ni mpira unaoning'inia mwilini mwa mchezaji.

Propani huwaka ikifika asilimia 2.1 hadi 9.5 ya hewa, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutuama chini. Ijazwe nje, mbali na moto na sigara, kwa glavu. Kwa bastola ya sleidi ya plastiki isiyoimarishwa, R-134a ndiyo gesi yake. Propani iachiwe ile yenye springi na sleidi zilizotengenezwa kwa ajili yake.