Handaki Lisilochimbwa

Istilahi haipimwi kwa utamu wake masikioni, bali kwa kazi inayoifanya mkononi mwa anayeitumia. Kwa kipimo hicho tunakusudia kuchambua istilahi tatu zitumikazo kueleza mawasiliano fiche ya kompyuta, nazo ni handaki, kupeana mikono na utatuzi. Mfano wetu ni Linux, mfumo huria wa uendeshaji, pamoja na WireGuard, programu ya mawasiliano fiche iliyoingizwa katika kiini cha mfumo huo kwa toleo la 5.6, mwezi Machi 2020.

Tuanze na handaki. Msomaji alisikiapo neno hili huona shimo refu la askari, au njia ya reli iliyopasua mlima: kitu kilichochimbwa mara moja kikadumu, ambacho ama ki wazi ama kimeporomoka. Lakini katika mtandao hakuna kilichochimbwa. Kila pakiti husimbwa, ikatiwa ndani ya pakiti nyingine, ikapelekwa kwa njia ile ile ya watu wote. Ni barua ndani ya bahasha.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Pakiti katika waya wa Etheneti kwa kawaida haizidi baiti 1500. Bahasha ya WireGuard hula baiti 60 kwa anwani za IPv4, na 80 kwa zile za IPv6. Ndiyo sababu ukomo wa barua ya ndani huwekwa 1420. Njia ikiwa nyembamba zaidi mahali fulani, na ukuta wa ulinzi ukazuia taarifa za wembamba huo, barua ndogo hupita na kubwa hupotea. Fundi aliyefundishwa handaki huona salamu fupi ya majaribio ikijibiwa, akasema njia i wazi, kisha akaanza kubadili funguo zisizo na kosa. Aliyefundishwa bahasha atauliza mara moja: je, barua inaenea?

Istilahi ya pili ni kupeana mikono. Kwetu mkono hutolewa hata kwa mgeni, nao ni adabu tu. Hapa mambo ni kinyume. Kila upande huthibitisha kwanza kwamba mwenzake anao ufunguo uliosajiliwa, ndipo hupatikana funguo za muda za kusimbia. Asiyejulikana hajibiwi hata neno. Kwa hiyo kimya si ushahidi kwamba kompyuta ya pili imezimika. Huenda ufunguo wa umma ulinakiliwa vibaya, au mlango wa UDP umefungwa, au saa ya mbisha hodi imerudi nyuma, na hodi yake ikahesabiwa kuwa ya zamani. Amri ya wg show huonyesha wakati wa tendo hili lilipofanikiwa mara ya mwisho. Wakati huo usipoonekana kabisa, uchunguzi uanzie hapo. Twapendekeza istilahi kutambuana, kwa kuwa yataja tendo lenyewe.

Ya tatu, utatuzi, hutaja mwisho wa kazi na kuuruka mwanzo wake. Mwongozo wenye kichwa hicho humhimiza fundi atende kabla hajajua. Daktari hatoi dawa kabla ya kupima. Na fundi wa mtandao vivyo hivyo yampasa aulize kwa utaratibu: je, wenza wametambuana? Je, njia za pakiti zimeelekezwa? Je, barua inaenea? Uchunguzi wa hitilafu ndiyo istilahi inayostahili kutangulia, nao utatuzi ufuate.

Hatudai kwamba neno handaki litupwe. Limekwisha kuota mizizi, na kosa lake limerithiwa kutoka lugha lilikofasiriwa. Tunachodai ni kwamba kamusi zisiishie kwenye picha ya shimo, bali zieleze kufunga pakiti ndani ya pakiti. Mfasiri akumbuke kwamba neno aliloliteua mezani kwa starehe litasomwa usiku na mtumishi wa ofisi ya mbali, mawasiliano yamekatika, naye hana mwalimu mwingine ila neno hilo. Wasomaji wenye hoja za kupinga au kuongeza tunawakaribisha watuandikie.