Kashfa, Uchochezi na Maadili: Uhakiki wa Istilahi Tatu katika Ufundishaji wa Sheria ya Habari nchini Tanzania

Makala haya yanahakiki istilahi tatu ambazo mwanafunzi wa uandishi wa habari hukutana nazo mapema katika masomo yake: kashfa, uchochezi na maadili. Hoja inayotetewa ni kwamba istilahi hizi, kama zinavyofundishwa, zinaficha tofauti ambazo sheria na taaluma huzitegemea, na kwamba mwanafunzi anaweza kuhitimu bila kujua wajibu wake unaishia wapi na kosa linaanzia wapi.

Neno kashfa lina asili ya Kiarabu, ambako shina lake hubeba maana ya kufunua kilichofunikwa. Katika Kiswahili lina maana mbili: jambo la aibu lililofichuliwa, na maneno ya kumvunjia mtu heshima. Kwa maana ya kwanza, magazeti yaliandika kuhusu kashfa ya Richmond, ambayo ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008, na baadaye kashfa ya akaunti ya Tegeta Escrow mwaka 2014. Kwa maana ya pili, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliifanya kashfa kuwa kosa la jinai. Mwandishi yuleyule, basi, husifiwa kwa kuibua kashfa na hushtakiwa kwa kukashifu.

Mzungumzaji wa kawaida hatatizwi na jambo hili kwa kuwa muktadha humwongoza. Mwanafunzi wa sheria ya habari hana bahati hiyo, kwa sababu swali analopaswa kulijibu liko katikati ya maana hizo mbili: je, kilichofunuliwa kilikuwapo, au kimezushwa? Ufafanuzi uliozoeleka, yaani kuchapisha jambo linaloshusha hadhi ya mtu, haugusi swali hilo hata kidogo. Kila habari ya ubadhirifu hushusha hadhi ya mtu. Vinginevyo isingekuwa habari. Ukweli wa jambo na manufaa yake kwa umma, ambavyo ndivyo ngao ya mwandishi, huja mwishoni mwa somo kana kwamba ni kiambatisho. Mwaka 2023 Bunge liliirekebisha sheria hiyo na kuiondoa kashfa katika makosa ya jinai. Hatua hiyo inastahili pongezi, lakini utata wa neno lenyewe ulibaki palepale katika mashauri ya madai.

Uchochezi una tatizo la aina nyingine. Katika matumizi ya kila siku, mtu huchochea moto, huchochea ugomvi, na hata huchochea maendeleo. Katika sheria, neno hili moja limebebeshwa makosa mawili yaliyo mbali. La kwanza ni kumshawishi mtu atende uhalifu. La pili ni kutaka kuamsha chuki, dharau au kutoridhika dhidi ya mamlaka halali ya serikali, hata kama hakuna uhalifu wowote uliotendwa wala kukusudiwa. Kosa hili la pili lilikuwamo katika Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 na likahamishiwa katika kifungu cha 52 cha sheria ya 2016. Chimbuko lake ni sheria za dola la Uingereza, na Uingereza yenyewe ilililifuta mwaka 2009. Mwanafunzi anapoambiwa kwamba uchochezi ni hatari kwa amani, anafikiria kosa la kwanza na kukubali. Akikubali, amelipokea na la pili bila kuulizwa.

Ni kweli kwamba kifungu hicho kinaruhusu kuonyesha kuwa serikali imekosea. Hata hivyo, hakisemi ni kwa kipimo gani mhariri atajua kwamba ukosoaji wake haujageuka dharau. Mahakama ya Afrika Mashariki, katika shauri lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania pamoja na taasisi nyingine mbili, iliamua tarehe 28 Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa, vikiwamo vya kashfa na uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mojawapo ya sababu ilikuwa ya lugha: maneno ya vifungu hivyo hayakuwa wazi kiasi cha kumwezesha mtu kutabiri ni tendo gani litamtia hatiani. Hukumu hiyo ingestahili kusomwa darasani kama uhakiki wa matini, si kama habari ya kisiasa.

Kuhusu maadili, kasoro kubwa iko katika kiunganishi. Somo huitwa "sheria na maadili", na hiyo "na" huwafanya wengi wadhani kwamba maadili ni sheria ndogo. Baraza la Habari Tanzania, lililoasisiwa mwaka 1995, lilijengwa juu ya dhana tofauti: wanataaluma wanajifunga wenyewe, na anayekosea hutakiwa kusahihisha au kuomba radhi. Sheria ya 2016 iliweka Bodi ya Ithibati yenye uwezo wa kumwondoa mwandishi katika orodha ya wanaoruhusiwa kufanya kazi. Maadili yakawa sharti la kibali. Picha ya marehemu wa ajali iliyochapishwa kabla ndugu hawajapata taarifa inaweza isivunje kifungu chochote, nayo ikabaki kuwa aibu ya taaluma. Kinyume chake, gazeti la Mseto lilifungiwa kwa miaka mitatu Agosti 2016, na Juni 2018 mahakama hiyohiyo ya kikanda ikaona kwamba amri hiyo haikuwa halali.

Suala hili lina uharaka wake. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini, na istilahi zinazozoeleka darasani leo ndizo zitakazoingia katika vifungu. Makala haya yanapendekeza kashfa ibaki kwa jambo lililofichuliwa, na kosa liitwe kuvunja heshima. Uchochezi ubaki kwa ushawishi wa uhalifu, na lile kosa la pili litajwe kwa urefu wake, yaani kuamsha chuki dhidi ya serikali, ili kila anayelitaja alazimike kulisikia. Maswali ya mtihani nayo yabadilike. Mwaka 2017 gazeti la Mawio lilifungiwa kwa miaka miwili baada ya kuchapisha picha za marais wawili wastaafu katika habari ya mikataba ya madini. Februari 2022 likaruhusiwa tena. Mwanafunzi apewe ukurasa ule na aulizwe maswali mawili, kila moja na alama zake: je, sheria ilivunjwa? Je, maadili yalivunjwa?